Asubuhi Niliyojiosha kwa Maji Baridi

Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Niliianza mume wangu angali hai, na hapa kwetu Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, ukiniona nimepita asubuhi na kikapu changu na shuka nyeupe kwapani, huniulizi niendako. Watoto huniamkia kwa mbali. Wauza ndizi hunipa chenji bila kunigusa kiganja. Sijali. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini mwili wa binadamu ninaujua. Najua ubaridi unapoanzia: vidole vya miguu, magoti, kisha mikono. Tumbo ndilo la mwisho. Mara nyingi nimeweka kiganja juu ya tumbo la mwanamke ambaye roho yake imeshatoka nikakuta bado pana joto kidogo, kama chungu kilichoteremshwa mafigani.

Kwa hiyo ugonjwa uliponiingia tumboni, niliuona kama mgeni aliyechagua chumba kizuri.

Ulianza kwa damu chooni. Nilikaa nayo miezi bila kusema, maana mwanamke wa umri wangu hatangazi habari za choo. Binti yangu, anayeuza vitenge sokoni, aliona gauni linanipwaya. Siku moja alilishika kwa nyuma, akalikunja mara mbili, akaniuliza nilikuwa nafunga Ramadhani gani hiyo isiyoisha. Ndiye aliyenipeleka hospitali ya hapa. Wakatutuma mji mkuu, na huko wakanipitishia bomba lenye taa, wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana. Saratani. Neno hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi kwa wengine, wakati wao hawasikii tena.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanaume mrefu asiyependa maneno. Tulielewana. Alinionyesha picha yenye vivuli, akaniambia uvimbe bado uko mahali pake, haujatembea.

"Ukitembea, Mama, sitakuwa na kubwa la kukufanyia. Leo ninalo."

Alisema hatanipasua tumbo zima. Atatoboa matundu manne madogo, moja la kamera, mengine ya vyombo, na moja atalipanua kidogo mwishoni ili atolee uvimbe. Nilimuuliza mtu anafagiaje nyumba akiwa amesimama nje, kwenye tundu la ufunguo. Akasema, kwa ufagio mrefu. Nikakubali.

Sasa nieleze kosa langu, maana halikuwa la bahati mbaya. Nililifikiria kabisa, nikaliona ni akili.

Katika kazi yangu joto ni adui. Mtu akifia nyumba ya mabati wakati wa jua, tunaharakisha. Jiko la mkaa halikai chumba kimoja na maiti. Baridi hutunza, joto huchachusha. Maziwa hivyo hivyo, nyama hivyo hivyo. Kwa hiyo nilijiambia: kitu kinachokua ndani yangu kinakua kwa joto langu. Nikijipoza, kitalala. Kikilala, yule mrefu atakikuta kimejikunja pale pale alipokiona. Tangu siku waliponipangia tarehe niliacha chai ya tangawizi. Nikaoga maji ya bomba yasiyopashwa, asubuhi na jioni, na Gisenyi maji ya asubuhi yanauma mifupa. Nikalala na shuka moja. Binti yangu alinung'unika kwamba nimeanza utoto. Sikumweleza. Mimi huwa sielezi.

Tulisafiri siku moja kabla. Basi lilipanda Nyakiriba, likapita Kanama, na ukungu ulikuwa umelalia maharage kiasi kwamba watu waliokuwa wakipalilia walionekana kuanzia kiunoni tu, kama wanaogelea. Nilifungua kioo. Abiria wa nyuma yangu akaniomba kwa heshima nikifunge. Sikukifunga. Hewa iliingia kwenye shingo na kwenye mikono ya gauni, nikaona vilima vinakuja na kwenda, kijani juu ya kijani, na nikawa sijui tena kama ninakwenda au wale watu wa shambani ndio wanaosogea na mimi nimekaa. Nilijiona mwepesi. Nilidhani baridi imeanza kufanya kazi.

Wodini walinipa kitanda cha dirishani. Binti yangu akatandika mkeka sakafuni kando ya kitanda changu, kama wafanyavyo wote wanaouguza. Tangu jioni walinizuia kula.

Nilikuwa na jambo moja moyoni ambalo sikumwambia mtu. Sikuogopa kufa. Niliogopa mikono. Nikifia mji ule, nani ataniosha? Mwanamke nisiyemjua, mwenye haraka, ambaye hatajua kwamba bega langu la kushoto haliinuki. Kwa hiyo kabla ya adhana ya alfajiri nilishuka kitandani, nikamruka binti yangu, nikaenda bafuni na beseni la hospitali.

Nilijiosha kama ninavyoosha wengine. Nilianza na upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, na maji ya mwisho nikayatia kafuri niliyoifunga kwenye pindo la kanga. Najua haihesabiki. Anayeoshwa ni maiti, na anayeosha ni aliye hai, dini haina utani hapo. Lakini mikono yangu ilitaka, nikaiacha. Maji yalitoka bombani baridi kama chuma. Nilijimwagia kichwani. Nikalowesha nywele zote, nikazisuka mafundo matatu zikiwa zimelowa. Baadaye kidogo nikawa sijui ni yupi kati yetu wawili aliyesimama na ni yupi aliyelala. Nilisikia nafsi yangu ikimwambia yule aliyelala, tulia, nimekaribia kumaliza.

Niliswali. Kisha nikatoka kukaa kwenye benchi la nje, nywele mbichi, kanga moja mabegani. Bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe na taa za mji zilikuwa ndani yake kama punje za mtama ndani ya uji. Sikutetemeka. Hilo lilinipendeza, nikalihesabu kuwa ushindi. Nilikaa hadi binti yangu aliponitafuta.

"Mama, mikono yako iko baridi sana."

Nikamwambia mikono yangu ni ya baridi siku zote.

"Hapana. Leo iko baridi ingine."

Walinipeleka kwenye chumba cha kungojea upasuaji. Hapo alikuja daktari wa usingizi, mwanamke kijana. Aliniamkia shikamoo, jambo ambalo vijana wengi wa hapa kwetu hawalijui, nikafahamu ni wa familia zilizorudi kutoka Tanzania. Alishika kiganja changu ili atafute mshipa. Akakiacha. Akakishika tena. Halafu nikaona pua yake inafanya kazi.

"Bibi, hii ni kafuri."

"Ni kafuri."

"Nilimzika bibi yangu Kigoma. Harufu hii naijua." Akaingiza kipimo sikioni mwangu, akakisoma. Akapima sikio la pili. "Umefanya nini asubuhi hii?"

Nikamwambia ukweli wote, maji, kafuri, na benchi. Nikamweleza na hesabu yangu ya wiki nzima, ya kuulaza uvimbe kwa baridi. Nilieleza bila aibu, kama fundi anayemweleza fundi mwenzake. Binti yangu alikuwa amesimama na kiatu changu mkononi, mdomo wazi.

Daktari yule hakunikaripia. Alivuta kiti akaketi. Hapo ndipo niliposhtuka, maana madaktari hawaketi.

"Maiti unawaosha kwa maji gani, Bibi?"

"Ya vuguvugu. Maiti anaoshwa kwa upole."

"Na wewe uliye hai umejimwagia ya barafu."

Binti yangu ndiye aliyejibu. "Muganga, huyu mama hana huruma na mutu mwenye angali hai. Angejikuta amekufa angejitengenezea maji ya moto." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akageukia ukutani.

Kipimo kilisema mwili wangu umeshuka chini ya nyuzi thelathini na sita, na bado hawajaanza. Daktari alinieleza polepole, na nilimsikiliza kwa sababu alitumia maneno ya watu. Watu hudhani tundu dogo halipozi mwili, alisema, kwa kuwa tumbo halijafunuliwa. Lakini ili kamera ione, tumbo hujazwa hewa kama mpira, na hewa ile hutoka kwenye mtungi ikiwa kavu na baridi, na hupuliza ndani kwa masaa. Pamoja na hayo dawa ya usingizi huufanya mwili usahau kujipasha. Aliyeingia na joto lake hutoka amepoa. Aliyeingia amepoa hutoka katika hali mbaya zaidi.

Nikamwambia, bon, sawa, na uvimbe nao utapoa. Si ndiyo faida?

"Baridi haimlazi mwizi, Bibi. Inawalaza walinzi."

Kisha akaeleza. Daktari anapoushika uvimbe ili autoe, hata awe na mkono mwepesi vipi, chembe chache zinaweza kudondoka na kuingia kwenye damu. Mwili una askari wake wanaozitafuta chembe kama hizo na kuzila. Mwili ukipoa, askari wale wanasinzia, damu inakwenda taratibu, na siku ile ndiyo siku wanayohitajika kuliko siku zote. Chembe iliyowakuta askari wamelala huenda ikafika kwenye ini au kwenye mapafu, ikajenga. Nilimuuliza ameyaona hayo kwa macho yake. Akasema hapana. Yameonekana kwa panya, na kwa watu bado wanatafuta, wengine wanasema hivi na wengine vile.

"Sikwambii kwamba maji ya leo yatakurudishia saratani. Sijui, na hakuna ajuaye kwa hakika. Lakini sitakulaza ukiwa hivi."

Yule mrefu aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaitazama saa, akaniangalia mimi kama mtu anayetazama mlango uliofungwa na yeye ndiye mwenye nyumba. Alisema atangoja hadi saa nne. Kuna mgonjwa mwingine baada yangu na chumba ni kimoja. Kama saa nne sijafika thelathini na sita na nusu, nitarudi wodini, na nafasi inayofuata ni ya wiki mbili mbele. Hakutaja uvimbe. Hakuhitaji kuutaja. Haujatembea, alikuwa ameniambia, leo. Wiki mbili si leo.

Ndipo nilipoanza kutetemeka, na sijui kama ilikuwa baridi au hofu iliyokuwa inangoja ruhusa.

Walinifuta nywele kwa taulo hadi zikakauka. Walinifunika blanketi jepesi kama karatasi, lenye bomba ubavuni, na mashine chini ya kitanda ikapuliza hewa ya moto ndani yake hadi likavimba na kunizunguka. Hata maji ya mshipani waliyapitisha kwenye kifaa cha kuyapasha. Daktari wa usingizi alimwambia binti yangu aniwekee mikono miguuni. Nilitaka kukataa. Huyu mtoto tangu alipokuwa msichana hakupenda mwili wangu umkaribie, alikuwa anachukua sahani mezani badala ya kuipokea kwangu. Aliinama, akaushika unyayo wangu wa kulia kwa viganja viwili, kisha wa kushoto. Mikono yake ilikuwa ya moto kama maandazi. Hakuiondoa.

Hewa ile ya moto ilinijia kwanza mgongoni, katikati ya mabega, na hapo nikaondoka pale chumbani.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Asubuhi ya Idi alikuwa wa mwisho kumaliza kazi za watu, na nguo zetu sisi watoto wake alizipiga pasi dakika ya mwisho, pasi ya makaa, yenye mdomo wa kutolea moshi. Tulisimama mstari, tumetoka kuoga, upepo wa ziwa unapita chini ya mlango. Alitoa gauni juu ya meza na kukuvika hapo hapo likiwa bado la moto. Joto liliingia mgongoni, likashuka. Mimi nilikuwa nasimama bila kutikisika ili lisitoke. Wengine walikimbia nje kuonyeshana nguo, mimi nikabaki nimesimama katikati ya nyumba kama mlingoti, nikihesabu pumzi, na baba akasema kwa kinywa kilichojaa pini, "Huyu anakunywa pasi."

Nilikuwa sijamkumbuka baba kwa sauti yake kwa muda mrefu. Ilikuja na joto. Nilimwona amevaa miwani ya kamba, uzi mweupe umemning'inia begani, na ukuta wa duka ulikuwa pale ulipokuwa ukuta wa hospitali, na mashine iliyokuwa inavuma ilikuwa cherehani yake. Mtu alinipima sikio. Mtu akasema bado. Mimi nilisimama sitikisiki. Nilifikiri, nikitikisika itatoka yote. Mtu akapima tena. Sijui ilikuwa mara ngapi. Duka lilikuwa linanuka makaa na sufu mpya, na nje watu walikuwa wanapita kwenda kuswali, kanzu nyeupe moja baada ya nyingine, bila kelele, kama wanapita juu ya maji.

"Thelathini na sita nukta sita," alisema yule msichana wa Kigoma. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini niliona mabega yake yanashuka.

Ilikuwa saa nne kasoro kidogo. Nilisukumwa ndani pamoja na blanketi langu linalopumua.

Wanasema usingizi ule hauna ndoto. Huenda niliota wakati wa kutoka. Niliona ufukwe mrefu, na watu wameketi kwa safu mchangani, wanawake kwa wanaume, wamejifunga makoti, wanakula mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyekuwa analala. Kila mmoja alikuwa anatazama maji. Nilipita nyuma yao nikitaka kuwauliza wanangoja nini, na mmoja akanipa nusu ya hindi lake bila kugeuka. Lilikuwa la moto. Nikaketi nao.

Nilipofumbua macho, binti yangu alikuwa ameshika nyayo zangu tena. Au hakuwa ameziacha. Daktari wa usingizi aliniambia kwamba muda wote joto langu lilikaa palepale, halikushuka, na kwamba yule mrefu aliutoa uvimbe mzima, pamoja na tezi zilizouzunguka, na kuvipeleka maabara. Karatasi ndiyo itasema kama kuna kilichotembea. Nilimuuliza itachukua muda gani. Akasema wiki tatu. Nikamwambia yeye ni mtoto mzuri ila hospitali yao ina uvivu.

Wiki tatu zile nilizikaa nyumbani, na matundu yangu manne yakapona haraka, madogo kama alama za chanjo. Nilikunywa chai ya tangawizi. Jirani mmoja alinijia akanong'ona kwamba mtu aliyepasuliwa asikae karibu na moto, kidonda kitaiva. Nilisogeza kiti nikakaribia jiko zaidi. Mchana nilisinzia na kuamka, nikasinzia tena, na kila nilipoamka nilijipapasa ubavuni, penye ini, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango asiotaka uwepo. Nilikuwa nayafikiria yale maji. Kila kata niliyojimwagia niliiona. Nilikuwa nimeosha wanawake wengi na sijawahi kujutia tone moja, na sasa nilijutia beseni zima.

Tulirudi mji mkuu. Yule mrefu alikuwa na karatasi mezani, ameifunika kwa kiganja. Nikamwambia aisome, mimi si mtoto.

"Kingo za nyama tuliyokata ni safi. Tezi tulizotoa hazina kitu. Haukuwa umetembea."

Binti yangu alianza kulia kwa sauti, nikamwambia atoke nje, atawatisha wagonjwa. Kisha nikamuuliza daktari kilichoniweka macho wiki tatu: zile chembe ambazo huenda zilidondoka siku ile, karatasi inazisema? Akasema karatasi inasema kuhusu kilichotolewa tu. Kilichobaki, kama kipo, kitasemwa na miaka. Akaniandikia kurudi kila miezi mitatu, kisha sita.

Nimerudi kila mara. Hivi karibuni nilimkuta daktari wa usingizi koridoni, ana mimba kubwa, akanisindikiza hadi chumba cha kupigia picha ya ini. Nilimuuliza kwa nini bado niko hai. Ni lile blanketi?

"Sijui, Bibi. Huenda ni kisu tu. Huenda ungepona hata bila mimi kukungojesha upate joto."

Nikamwambia muganga anayesema hajui ni adimu kuliko tanzanaiti, na kwamba asizoee kulisema mbele ya wagonjwa wengine.

Nilikaa na binti yangu kwenye benchi, tukangoja. Mlango ulipofunguka, mpiga picha alitoa kichwa, akanitafuta kati ya watu, akasema ini ni safi na mapafu ni safi, nirudi baada ya mwaka. Mwaka mzima. Alisema kama anavyosema kwa kila mtu na akaita anayefuata. Niliomba karatasi yangu, nikaikunja mara nne, nikaiweka kifuani ndani ya gauni. Binti yangu akaniuliza kama nina njaa. Nilikuwa na njaa.